Kurekodi ndege kwenye kisiwa kinachofikika maji yakipwa: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa visiwa vidogo vya pwani yetu ambavyo unavivukia kwa miguu bahari ikipwa, kisha maji yakijaa unabaki huko huko. Ile njia ya zamani ya kupita mikokoni kati ya Unguja Ukuu na Uzi ni mfano mzuri. Kabla ya yote lieleweke jambo moja: orodha ya ndege isiyo na saa sahihi na hali ya maji haina kazi. Sululu 40 waliotawanyika kwenye matope maji yakiwa makavu, na sululu 40 waliobanana kwenye ulimi wa mchanga maji yakiwa yamejaa, ni habari mbili tofauti.

1. Vifaa

Darubini ya 8x42. Wengi hukimbilia ya 10x, lakini upepo wa kaskazi ukivuma mkono unatikisika na faida yote inapotea. Ukiwa na darubini kubwa ya miguu mitatu, ibebe. Daftari na penseli, si kalamu, kwa sababu wino ukiguswa na maji ya chumvi unasambaa. Futi kamba ya fundi cherehani. Fimbo ya mita 2 yenye alama kila sentimita 10. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu, na chupa nyingine ndogo ya maji baridi yasiyo na chumvi ya kusuuza lenzi: ukifuta lenzi ikiwa kavu, chembe za chumvi zinaikwaruza. Vaa raba za kufunga kamba. Kandambili zitabaki matopeni.

2. Kuchagua siku

Ndege wahamaji wa ufukweni wapo kwa wingi kuanzia Septemba hadi Aprili. Ndani ya miezi hiyo, hesabu kwa mwezi mwandamo kama wavuvi. Siku za maji mafu, yaani bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, hazifai, kwa kuwa matope hayafunikwi yote na ndege hawakusanyiki. Kilele cha bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, nacho kina shida yake: mahali pao pa kupumzikia panaweza kuzama, wakahamia usikokuona. Chagua tarehe 13 na 14, au 28 na 29 za mwandamo. Maji yanapanda vya kutosha, na kwa Unguja yanajaa karibu na saa tisa alasiri, mwanga ukiwa bado mzuri.

3. Saa (usiharakishe hapa)

Hapa ndipo kumbukumbu nyingi zinapoharibika, na kosa halionekani mpaka miezi ipite.

Tuna saa tatu zinazogongana. Ya kwanza ni ya jedwali la maji, ambalo likipakuliwa intaneti mara nyingi huwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Ya pili ni ya simu, iliyo mbele ya UTC kwa saa 3. Ya tatu ni ya mdomoni. Maji kujaa 11:50 kwa jedwali la UTC ni 14:50 kwa simu, na ni saa tisa kasoro dakika kumi kwa mwenzako mvuvi. Msaidizi akisikia "saa tisa" akaandika 9:00, umeshapoteza saa sita, na kundi la maji kujaa limegeuka kundi la maji kupwa. Kwa hiyo daftarini andika saa ya simu tu, tarakimu nne: 14:50. Kila anayeandika afuate hivyo, bila kubadilisha katikati.

Jedwali lisiposema linatumia saa gani, lipime kwa bamvua. Unguja na Mombasa, siku za bamvua maji hukauka kabisa kati ya 10:00 na 11:00 asubuhi. Jedwali likikupa 07:30 siku hiyo, ni UTC; ongeza 3.

Bado hujamaliza. Jedwali ni la bandari, Zanzibar au Kilindini (Mombasa), si la kisiwa chako. Nyuma ya mikoko au ndani ya hori lenye mdomo mwembamba kama Mida huko Kenya, maji huchelewa. Ichomeke fimbo ukingoni mwa kisiwa asubuhi maji yakiwa makavu, mahali unapoweza kuisoma kwa darubini. Kuanzia saa moja kabla ya muda wa jedwali, isome kila dakika 15. Maji yakiacha kupanda kwenye alama, hiyo ndiyo saa yako ya kujaa. Tofauti yake na jedwali ndiyo ucheleweshaji wa kisiwa. Rudia bamvua na maji mafu, kwani haulingani. Usitumie mlingoti wa chombo kilichotia nanga kama alama, maana nacho kinapanda na maji.

4. Kuvuka

Vuka asubuhi nyuma ya wachokoa pweza, wanaijua njia. Ila fikiria na kurudi: maji yakijaa 15:00, njia huenda isifunguke kabla ya giza. Patana na mwenye ngalawa mapema.

5. Kuhesabu

Anza saa 2 kabla ya kujaa, jua likiwa mgongoni. Kaa chini. Vichwa vikianza kuinuka na waliosimama mguu mmoja wakishusha wa pili, umesogea mno: rudi nyuma. Machi na Aprili usiwarushe kabisa, wanaweka mafuta ya safari ya kaskazini.

Hesabu jumla kwanza, kumi kumi kwa jicho, kushoto kwenda kulia. Kisha chukua ndege 100 mfululizo uwagawe kwa aina. Rudia, hesabu mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, fanya ya tatu. Vitwitwi wa mchanga, mkubwa na mdogo, usiwalazimishie jina ukiwa mbali, waandike pamoja. Dromas ardeola (kwa Kiingereza crab-plover) hakuchanganyi na mwingine: mweupe na mweusi, mdomo mnene mweusi, miguu mirefu ya kijivu. Xenus cinereus (Terek sandpiper) mtafute kwa mdomo uliopinda juu kidogo.

6. Viumbe wengine

Nyayo za kasa zitazame asubuhi kabla hazijakanyagwa. Mikono ikiwa imepiga sambamba na upana ukikaribia mita 1, ni kasa wa kijani. Ikipishana na upana ukiwa chini ya sentimita 85 hivi, ni ng'amba. Pima, piga picha futi ikiwemo, usichimbe.

7. Kuingiza

Kati ya tovuti za kuhifadhi kumbukumbu za viumbe, eBird inatosha kwa ndege, iNaturalist kwa wengine. Ukiwa Kenya, peleka pia Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa nchi hiyo. Kadi yake kamili, yaani orodha ya ndege unayoiwasilisha, inataka angalau saa 2 za kutafuta. Alama ya ramani iwe kisiwani, si bandarini ulikoegesha pikipiki. Kwenye maelezo andika saa ya kujaa ya fimbo, si ya jedwali. Aina uliyoitafuta ukaikosa, andika 0 daftarini, na ukurasa wa penseli upige picha siku hiyo hiyo kabla unyevu haujaufikia.