Namna ya Kumhakiki Mpangaji Kabla ya Kumkabidhi Ufunguo

Asubuhi ya Januari 16, 2023, mwanamume wa miaka 60 alifika katika kliniki ya La Maddalena mjini Palermo kwa matibabu ya saratani, kama alivyokuwa amefika mara nyingi kabla ya siku hiyo. Wauguzi walimjua kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi zake, wagonjwa wenzake walikwisha kumzoea, na hakuna aliyeshtuka mpaka askari walipoizingira kliniki. Alikuwa Matteo Messina Denaro, kigogo wa mafia ya Sicilia aliyesakwa kwa miaka 30. Makazi yake hayakuwa pangoni wala ng'ambo ya bahari, bali katika nyumba ya kawaida huko Campobello di Mazara, kilomita chache tu kutoka Castelvetrano alikozaliwa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wenye nyumba wengi, pamoja na madalali wanaowatafutia wapangaji, bado wanaamini kwamba mtu wa namna ile watamtambua mara tu atakaposhuka garini. Hawatamtambua. Mwongozo huu ni kwa wanaopangisha nyumba kwenye pwani yetu, kuanzia Lamu na Malindi hadi Unguja na Kigamboni, ambako mgeni anaweza kufika leo na kesho akataka nyumba ya mwaka mzima. Hatari yenyewe si ya kubuni: Desemba 2004 polisi wa Kenya walikamata zaidi ya tani moja ya kokeini, sehemu yake ikiwa katika nyumba mjini Malindi na sehemu nyingine katika bohari ya makontena ya Embakasi, Nairobi. Nyumba inapogeuka ghala, miongoni mwa wanaoulizwa mwanzo ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati.

Jambo la kwanza ni kuacha kupima watu kwa macho. James "Whitey" Bulger, kiongozi wa genge la Boston, aliishi miaka mingi Santa Monica, California, katika fleti ya kupanga ya ghorofa ya tatu, akijulikana kama Charlie Gasko, mstaafu asiyependa kusumbuliwa. Mwenzake, Catherine Greig, alikuwa mchangamfu kwa majirani na mwenye huruma kwa paka wasio na kwao. Bulger alipokamatwa Juni 22, 2011, ndani ya kuta za fleti hiyo zilikutwa fedha taslimu zaidi ya dola 800,000 pamoja na bunduki na bastola zipatazo 30. Huko Lopburi, Thailand, Mjapani Shigeharu Shirai, mzee wa miaka zaidi ya 70, alikuwa akicheza drafti barabarani kifua wazi. Mtu mmoja alivutiwa na tatuu zilizomfunika mwili, akampiga picha na kuiweka mtandaoni mwaka 2017. Picha ikasambaa hadi ikawafikia polisi wa Japani, na Januari 2018 mzee akakamatwa. Alikuwa na kidole kidogo kilichokatwa, alama ya yakuza, yaani magenge ya uhalifu ya Japani, ambayo Mjapani yeyote angeishtukia, lakini ambayo kwenye ubao wa drafti wa Lopburi haikumwambia mtu kitu.

Kwa hiyo kumkataa mtu kwa sababu ana tatuu, au ni Mwitaliano, au ni Mnigeria, au haongei sana, ni dhuluma, na tena ni kazi bure. Wala usidhani kwamba uangalifu ni kwa wageni peke yao: ndugu wawili wa familia ya Akasha waliokamatwa Mombasa Novemba 2014, wakapelekwa Marekani mwaka 2017 na kuhukumiwa huko vifungo vya miaka 25 na 23 kwa biashara ya dawa za kulevya, walikuwa wenyeji wa mji.

Anachokificha mtu anayesakwa ni jina lake, na hapo ndipo penye kazi yako. Messina Denaro hakujibunia jina. Alitumia kitambulisho chenye jina la mtu aliye hai na picha yake mwenyewe, na hata nyumba aliyoishi ilinunuliwa kwa jina la mtu huyo. Bulger naye alimlipa mtu asiye na makao aliyefanana naye ili atumie nyaraka zake. Ndiyo maana kumtazama mtu na kumlinganisha na picha ya kitambulisho hakutoshi, kwa kuwa picha italingana. Kinachopaswa kulinganishwa ni jina, na lilinganishwe katika sehemu nyingi ambazo mtu mmoja hawezi kuzipanga zote kwa wakati mmoja. Wachunguzi wa Italia walifanya hivyo hivyo: walikuta maandishi yaliyofichwa ndani ya mguu wa kiti nyumbani kwa dada wa Messina Denaro, yakieleza maradhi ya kaka huyo, wakapekua kumbukumbu za wagonjwa wa umri ule na saratani ile, majina yakapungua hadi likabaki moja, kisha wakagundua kwamba siku ambayo mwenye jina hilo alipaswa kuwa chini ya kisu cha daktari, simu yake ilikuwa mahali pengine kabisa.

Wewe huna kumbukumbu za hospitali, lakini una zana zako. Omba pasipoti halisi, usikubali picha iliyotumwa kwa simu, na uitazame pamoja na mhuri wa kuingia nchini na kibali cha ukaazi. Kwa Tanzania, daraja A ni la wawekezaji, B ni la walioajiriwa na C ni la makundi mengine kama wanafunzi na wastaafu. Mtu anayesema ni meneja wa hoteli huku ana viza ya matembezi ana jambo la kueleza. Kama anamtaja mwajiri, tafuta mwenyewe namba ya ofisi hiyo badala ya kupiga ile aliyokupa. Kisha chukua namba ya simu aliyokuachia, fungua M-Pesa au Airtel Money, na uanze kumtumia kiasi kidogo: jina la aliyesajili laini litaonekana kwenye skrini kabla muamala haujakamilika. Likitokea jina la mwanamke ilhali aliyekaa mbele yako anajiita Marco, muulize kwa upole laini hiyo ni ya nani. Mara nyingi jibu litakuwa jepesi, kwamba ni ya dereva au ya mpishi. Liandike jibu hilo na tarehe yake.

Kuna sharti moja ambalo mimi silegezi hata kwa mpangaji aliyeletwa na rafiki: atakayelala ndani ya nyumba ndiye atakayesaini mkataba, na atasaini mbele yangu. Dalali akisema kwamba bosi yuko safarini na msaidizi wake atasaini kwa niaba yake, mimi humsubiri bosi arudi. Nyumba haiozi.

Fedha ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na hakuna kinachoponya haraka kama kodi ya mwaka mzima iliyofungwa kwa mpira na kuwekwa mezani. Bulger alilipa kodi yake kwa noti, na mpangaji anayelipa hajadiliwi. Fedha taslimu kwetu si kosa wala si dalili ya kosa, kwa maana kuna wavuvi na wafanyabiashara wa karafuu ambao hawajui njia nyingine. Hata hivyo, kwa nyumba ya bei kubwa, taka malipo yapite benki kutoka kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba. Ukilazimika kupokea noti, andika stakabadhi yenye jina la mpangaji na jina la aliyezileta, kwa sababu mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Na akikulipa zaidi "kwa bahati mbaya", kisha akakuomba ziada uitume kwenye akaunti ya mtu wa tatu, irudishe ilikotoka, si kwingine kokote. Huo ni mchezo wa zamani wa kuzifulia fedha chafu kwenye akaunti ya mtu safi. Sheria za kuzuia fedha haramu, ya Tanzania ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2009, zinawahesabu madalali wa nyumba na ardhi miongoni mwa wanaowajibika kutoa taarifa za miamala yenye shaka, kwa hiyo kisingizio cha kwamba "mimi ni dalali tu" hakina mashiko.

Kama mpangaji ni kampuni, itafute BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, au, kwa Kenya, omba CR12, hati ya msajili wa kampuni, usome majina ya wakurugenzi na wenye hisa, na uone kama hata mmoja wao ndiye atakayeishi hapo.

Baada ya hayo, mpeleke mpangaji kwa uongozi wa mtaa. Zanzibar utampeleka kwa sheha, bara kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na Kenya kwa viongozi wa Nyumba Kumi na chifu. Mpeleke yeye mwenyewe, usipeleke karatasi zake. Safari hiyo ya dakika kumi ina faida ambayo haionekani, kwani anayetaka asijulikane huanza kutafuta visingizio hapo hapo, na asiye na la kuficha hufurahia kupata wa kumsalimia. Lakini barua ya mtaa isikulevye. Bernardo Provenzano alitoroka mkono wa sheria kwa miaka 43 na alipokamatwa Aprili 2006 alikuwa katika nyumba ya shamba karibu na Corleone, mji wake mwenyewe, kwa sababu waliomjua walinyamaza. Kilichomfichua ni mafurushi ya nguo safi yaliyotoka nyumbani kwa mkewe, ambayo polisi waliyafuatilia mkono kwa mkono hadi mlangoni pake.

Mpangaji akishaingia, nafasi yako ya kuchunguza hupungua sana, na ni haki ipungue, kwa kuwa amelipia faragha. Kagua nyumba kwa ratiba iliyoandikwa kwenye mkataba, ukitoa notisi, na utazame mambo ya nyumba: kuta zilizobomolewa na kuzibwa bila idhini, kufuli mpya ambazo hukupewa ufunguo wake, bili ya umeme isiyolingana na idadi ya watu, makasha yanayoingia na kutoka usiku katika nyumba isiyo na biashara. Mengine yaache. Nakumbuka mpangaji mmoja niliyemkuta katika nyumba niliyokabidhiwa kusimamia, ambaye alinikosesha usingizi: alikuwa amelipa miezi 12 kwa noti, mapazia aliyafunga mchana kutwa, na mkataba ulikuwa kwa jina la mpishi wake. Nilipomuuliza, alicheka kwa aibu, akanionyesha karatasi za mahakama za kesi ya talaka. Hakutaka mawakili wa mkewe wajue anapolala. Tuliandika mkataba upya kwa jina lake, akakaa miaka miwili, na alipoondoka aliniachia jokofu. Wakati huohuo, Gioacchino Gammino, mfungwa wa mafia aliyetoroka gereza la Rebibbia mjini Roma mwaka 2002, alikuwa akiuza mboga na matunda huko Galapagar karibu na Madrid, akiitwa Manuel, mlango wazi kwa kila mpita njia. Alionekana katika picha ya barabara ya ramani za Google akiwa nje ya duka, akathibitishwa kwa kovu la kidevuni, na akakamatwa Desemba 2021. Alikuwa amejihadhari hata kuwapigia simu jamaa zake, lakini alikuwa pia na mgahawa, nao ulikuwa na ukurasa wa Facebook na yeye yumo ndani amevaa mavazi ya mpishi.

Shaka ikibaki baada ya maswali yako yote, usimwambie mpangaji, usimzushie kwa majirani na usiweke picha yake mtandaoni. Aliyempiga picha yule mzee wa Lopburi hakujua anampiga nani, na bahati hiyo haifai kujaribiwa na anayejua. Unaweza kutafuta jina na sura katika orodha ya wazi ya Interpol au ile ya Europol ya wanaosakwa zaidi Ulaya, ila kumbuka kwamba notisi nyekundu nyingi hazitangazwi hadharani, hivyo kutoliona jina hakumsafishi mtu. Kisha toa taarifa: kwa Kenya, namba ya bure ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ni 0800 722 203, kwa Tanzania, mambo ya dawa za kulevya hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa namba 119, na mengine kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Wakishachukua kazi, fanya wanalokuambia na usizidishe. Siku ya kumkamata Bulger, msimamizi wa jengo aliombwa na FBI ampigie simu tu na kumwambia kwamba kufuli la stoo yake huko gereji limevunjwa. Mzee akashuka mwenyewe, na hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Watakachokuomba wewe ni faili: nakala ya pasipoti na kibali, mkataba wenye saini iliyowekwa mbele yako, stakabadhi zenye majina ya walioleta fedha, namba za magari, na yale majibu madogo uliyoyaandika siku ya kwanza, kila moja na tarehe yake.