Ukishuka uwanja wa ndege wa Zanzibar

Jamani, mnaokuja Unguja, patana bei na dereva wa teksi kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Begi likishafungiwa mle, wewe huna tena nguvu ya kusema. Taja unapokwenda hasa, uliza "ni bei ya gari nzima au ya kila mtu?", akijibu ndipo umpe begi.

Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, pale Kiembesamaki, hadi Mji Mkongwe hazizidi kilomita nane hivi, kwa hiyo usikubali kutishwa na umbali. Kama una begi moja la mgongoni na ni mchana, toka nje ya geti upande daladala namba 505. Nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na teksi. Shika noti ndogondogo, konda hapendi kuhangaika na chenji ya elfu kumi. Ila ukiwa na masanduku makubwa, au mama mtu mzima na watoto, chukua teksi tu, maana ndani ya daladala mnakaa mmebanana magoti kwa magoti.

Na hili wengi hulisahau: vichochoro vya Mji Mkongwe gari haiingii. Mpigie mwenyeji wako mapema akwambie ushukie wapi, Forodhani, Mkunazini au Malindi, kisha aje akupokee hapo. Nimeona wageni usiku wakiburuta masanduku juu ya mawe, magurudumu yameng'oka, na nyumba ilikuwa upande wa pili kabisa.