Kadi ya sauti haisomi kwenye desktopu? Usikimbilie draiva kwanza

Wakuu, naona sana hii kwa maprodyuza wa studio za nyumbani: mtu ananunua kadi ya sauti used, tuseme M-Audio Audiophile 2496 au Asus Xonar, anachomeka, haisomi, basi anaanza kushusha draiva (programu inayoifanya Windows iitumie kadi) usiku kucha mpaka bando linakata. Draiva subiri kwanza bana. Swali la kuanzia ni moja tu, mashine inaiona kadi au haiioni?

Hatua ya 1: sloti

Zima na uchomoe waya ukutani, maana ukizima tu pawasaplai bado inapeleka umeme kidogo kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya mashine). Bonyeza batani ya kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi, ndo ushike kadi.

Sloti, yaani tundu la kuchomekea kadi kwenye mazabodi, ziko aina mbili. Ya PCI ya zamani ni ndefu, sentimita 8 na ushee, mara nyingi nyeupe. Ya PCIe x1, ya kisasa, ni fupi, kama sentimita 2 na nusu hivi. Audiophile 2496 ni PCI, haiingii PCIe hata ulazimishe, na mazabodi nyingi za siku hizi PCI hazina kabisa, kwahiyo uliza kabla hujatoa hela. Ila kadi ya PCIe x1 ukikosa sloti yake weka tu kwenye sloti ndefu zaidi ya PCIe, x4 au hata x16, inapiga kazi. Na wale wa desktopu nyembamba za ofisini, kadi ya kimo cha kawaida haiingii, inatakiwa fupi yenye bati fupi.

Hatua ya 2: ikae kweli

Yale meno ya rangi ya dhahabu yasugue taratibu na ufutio wa penseli, pangusa na spiriti, acha ikauke. Sukuma mpaka chini. Halafu hapa ndo wengi wanapigwa: bati la nyuma likiwa limepinda kidogo, ukikaza skrubu linavuta kadi upande mmoja na upande wa pili unanyanyuka, ukiangalia kwa juu unaona iko poa kumbe meno ya mwisho hayagusi. Chungulia kwa pembeni na tochi ya simu baada ya kukaza, sio kabla. Xonar Essence STX nayo ina tundu lake la umeme la Molex lenye pini 4, lazima ulichomeke waya kutoka pawasaplai.

Hatua ya 3: mashine inaona nini

Washa, bonyeza Windows na X, fungua Device Manager (orodha ya vifaa vyote mashine inavyoviona). Kama hamna kitu kabisa, hata kile cha alama ya njano, hakuna draiva ya kukuokoa, badilisha sloti. Cheki pia manyuo (kitabu cha maelekezo) ya mazabodi, kuna bodi ukiweka SSD ya M.2 sloti mojawapo ya PCIe inazimwa.

Ikiwepo na alama ya njano, fungua Properties, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona VEN na namba, hiyo ni namba ya mtengenezaji wa chipu. 1102 ni Creative, 13F6 ni C-Media, 1412 ni ile chipu ya Audiophile. Tafuta draiva kwa hizo namba, achana na jina alilokutajia muuzaji. Angalia pia namba ya kosa kwenye hiyo Properties: Code 28 maana yake draiva haipo, Code 10 kifaa kimeshindwa kuanza, mara nyingi draiva siyo au imegongana na ya zamani, so futa zote na uanze upya. Code 52 ni mambo ya saini, Windows imeshindwa kuthibitisha saini ya kidijitali ya draiva. Kwenye Windows 11 kuna Memory integrity inazuia draiva za kizamani, ukiizima kadi inaweza kuamka ila ulinzi unapungua, mimi ningefanya hivyo kwa mashine isiyoingia intaneti tu.

Kama bado huelewi, butisha Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows) kwenye flashi bila kuinstoli, fungua Terminal, andika lspci uone kadi zilizochomekwa, halafu aplay -l uone za kutolea sauti. Kadi ikitokea na ikapiga, chuma kizima, shida iko Windows. Isipotokea hapo wala kwenye mashine ya pili, rudisha dukani kabla waranti haijaisha.

Hatua ya 4: inaonekana ila kimya

Hedfoni umechomeka wapi? Tundu la mbele ya kesi kwa kawaida linaenda kwenye sauti ya mazabodi, sio kadi yako. Chomeka nyuma, kwenye kadi yenyewe, na uichague kama ya kutolea sauti. Kwenye programu ya kurekodia chagua ASIO (draiva ya sauti isiyochelewa) ya kadi husika, ASIO4ALL, ile ya jumla, ni ya kuokolea tu.

Ikikwaruza, pandisha bafa (kiasi cha sauti mashine inachokusanya kabla ya kuitoa) kutoka sampuli 64 kwenda 256, kwa 44.1 kHz hiyo ni kama milisekunde 6 tu, mwimbaji hata hashtuki. Halafu kwenye mipangilio ya umeme ya Windows zima Link State Power Management, ile inayobana umeme wa sloti za PCIe.