Kupiga picha vijito vya Uluguru, masika hadi vuli

Miongozo mingi ya picha za mandhari huhesabu misimu kwa majani: yanageuka rangi, yanapukutika, theluji inafuata. Msitu wa milima ya Uluguru, Morogoro, ni kijani mwaka mzima. Huku anayekwambia msimu ni maji, kwa wingi wake, rangi yake na mwendo wake, kwa hiyo kamera yako nayo iyafuate.

Hatua ya 1: Chagua kijito kimoja

Anza na njia ya kupanda Morning Side kutoka Morogoro mjini. Unafika kwa miguu, na maji utayakuta njiani. Ukizoea, zunguka upande wa mashariki unaotazama Bahari ya Hindi, ambako mvua ni nyingi zaidi. Ukiingia ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, lipa kiingilio cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na ufuatane na mwenyeji anayejua njia. Ukipata jiwe zuri la kusimamia, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Msimu ukibadilika, rudi usimame palepale na lenzi ileile.

Hatua ya 2: Soma msimu

Masika, Machi hadi Mei, maji ni mengi na mara nyingi yamebeba udongo. Usihangaike kuyalainisha kwa shata ndefu (shata ni pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga), kwani maji ya kahawia yakilainishwa hufanana na uji. Weka kasi ya shata 1/500 ya sekunde au ya haraka zaidi, umwonyeshe mtazamaji yanavyorusha matone.

Juni ndio mwezi wangu. Mvua zimekatika, maji yametulia na kung'aa lakini bado ni mengi, na asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye miti.

Septemba na Oktoba kijito hunywea, na moshi wa mashamba yanayochomwa hufifisha vilele vya mbali. Achana na vilele. Inama upige mawe, mizizi na vidimbwi. Vuli ikianza, nenda mara tu baada ya mvua za kwanza, majani yakiwa yameoshwa vumbi.

Hatua ya 3: Wahi mwanga

Jua la kwetu hupanda upesi. Kufikia saa 3 asubuhi, miale inayopenya kwenye matawi huacha mabaka meupe juu ya maji, na hakuna programu itakayoyaokoa vizuri. Fika alfajiri, au subiri siku ya mawingu. Wapiga picha wengi huzikimbia siku za mawingu. Kwa kijito, mimi sitaki nyingine.

Hatua ya 4: Panga kamera

Funga kamera kwenye tripodi, zima kitulizi cha mtikisiko, na utumie kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100, na tundu la lenzi f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ukilibana hadi f/22 utapata shata ndefu, ila picha nzima itapoteza ukali.

Ivishe lenzi filta ya polaraiza, inayokata mng'ao, na uizungushe taratibu huku ukitazama kioo cha kamera: mng'ao juu ya majani mabichi unatoweka, kijani kinakolea, na mawe ya chini ya maji yanajitokeza. Filta hiyo pia hupunguza mwanga, nayo ni faida kwa shata ndefu.

Sasa shata. Maji yanayoporomoka kwa nguvu yanatosheka na 1/4 ya sekunde, bado utaona nyuzi zake. Maji ya kiangazi yanayojikokota yanahitaji sekunde 1 au 2. Kama mwanga ni mkali, ongeza filta nyeusi ya ND64, inayopunguza mwanga mara 64: shata ya 1/60 itakuwa sekunde 1 hivi. Kagua histogramu, grafu ya mwanga wa picha, kila mara, maana povu jeupe huungua (hubaki jeupe tupu) kabla ya kitu kingine chochote. Likiungua, punguza mwanga kidogo urudie. Piga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kwa sababu chini ya miti rangi huelemea kijani na utataka kuisawazisha baadaye.

Mwenye simu aiegemeze kwenye jiwe, afungue hali ya kitaalamu na apange shata mwenyewe.

Hatua ya 5: Maji ya juu

Mvua ikinyesha mlimani, kijito hufurika hata pale uliposimama pakiwa pakavu. Maji yakigeuka rangi ghafla au yakianza kuleta vijiti, toka kwanza, vifaa baadaye.

Nyumbani usiifungie kamera kwenye begi lenye unyevu. Ikaushe, kisha ihifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, la sivyo kuvu wataota ndani ya lenzi, na fundi wa kuisafisha si rahisi kumpata.