Jinsi ya kumtafuta bibi wa Kikorea aliyeolewa kwa picha kule Hawaii

Haya, hii naandika kwa sababu wifi yangu alinisumbua miezi mpaka nikajikuta najua ratiba za meli za miaka ya 1910 bila kuomba. Mume wangu kwao ni Honolulu, upande wa mama yake ni Wakorea, na mama wa bibi yao alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa sajin sinbu, yaani bibi harusi wa picha. Kama umeingia ukoo wa namna hiyo, au wanao wana damu hiyo, anzia hapa.

Kisa chenyewe kwanza, maana usipokijua utatafuta mwaka ambao siyo. Wakorea wa kwanza kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa walishuka Honolulu Januari 1903 na meli ya Gaelic, safari zikaja kufungwa 1905 na hapo walishafika kama 7,000, wengi wanaume, na wengi makapera. Wakabaki huko wanazeeka mke hakuna. Mwaka 1910 ndo njia ikapatikana, mwanaume anatuma picha, mshenga anaipeleka kijijini, binti akikubali anatumiwa nauli. Wa kwanza anayetajwa ni Sara Choe, Novemba 1910. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 ikafunga mlango. Kwa hiyo meli yako iko humo katikati, na mtu akikwambia bibi yake alikuja kwa picha 1930, muulize tena taratibu.

Sasa, usianze na jina la bibi. Hapa ndo tulikwama sisi. Mkorea akiolewa kwao habadili jina la baba yake, ila kule Hawaii wengi waliandikwa jina la mume, halafu karani naye anaandika alivyosikia, Lee, Yi, Rhee na Ri ni jina lilelile la ukoo. Anza na mume. Ingia FamilySearch, tovuti ya rekodi za koo, ni bure, tafuta sensa ya 1920 na ya 1930, ukiipata kaya angalia safu ya mwaka wa kuingia nchini: mume 1904, mke 1916, basi hapo kuna uwezekano mkubwa ni wa picha huyo. Chukua ule mwaka wa mke, ongeza na punguza mmoja miwili, nenda kwenye orodha za abiria wa Honolulu.

Kwenye orodha ya meli usitafute uraia wa Korea. Japani iliimeza Korea Agosti 1910, kwa hiyo hawa mabinti walisafiri na pasipoti za Kijapani, uraia unasoma Japani na Korea utaikuta safu ya kabila. Majina ya miji nayo yanasomwa Kijapani: Busan (au Pusan) ni Fusan, Daegu ni Taikyu, Incheon ni Jinsen. Na meli yenyewe mara nyingi imetokea Kobe au Yokohama. Sisi tulipoteza wiki tatu tunaandika Pusan tu kama wajinga.

Ukiupata mstari wake usome pole pole. Wa kwetu ulisema umri 18, kusoma anajua, anaenda kwa mume, basi. Mume kwenye sensa ana 43, na ile picha aliyotuma ni kijana wa suti, nywele zimelala, yaani mbuzi kwenye gunia kabisa. Ila usikimbilie kusema kila mtu kadanganya umri, kwa hesabu ya zamani ya Kikorea mtoto alizaliwa ana mwaka mmoja na mwaka mpya ukiingia wote waliongeza, kwa hiyo tofauti ya mwaka au miwili ni kawaida. Ile ya mume sasa, hiyo siyo hesabu, hiyo ni picha ya zamani.

Baada ya hapo mtafute alikofanya kazi. Wengi walipikia makapera wa kambi za mashamba, wakafua, wakashona, wengine wakasogea Wahiawa karibu na kambi ya jeshi ya Schofield kufulia wanajeshi. Vitabu vya kanisa la Methodisti la Wakorea usiviache, na chama cha akina mama cha 1919 kilichochangisha pesa za harakati za uhuru wa Korea. Ukisikia wazee wanataja gye usipite, huo ni upatu kama huuhuu wetu, na waliocheza pamoja ndo wanaojuana. Karatasi za uraia kabla ya 1952 usihangaike nazo, Wakorea walikuwa hawaruhusiwi, bora uulizie usajili wa wageni wa 1940.

Na wazee waulize kabla hawajaondoka, ila uliza vizuri. Wifi alianza na "alimpenda?" mama mkwe akanyamaza, akainuka kwenda kuosha vyombo. Nikamfuata jikoni nikamuuliza, mama, bibi yako alikuwa anafua nguo za nani? Akaongea masaa mawili sabuni iko mkononi, na humo ndani likatoka jina la kambi ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote, tukaenda nalo kwenye sensa ya 1920 na bibi huyo hapo, kaandikwa Ree.