Nenda dukani uombe kalkuleta: kuchagua miwani ya polaraizi ya kuvulia

Miwani yangu ya kwanza "ya polaraizi" niliinunua Kariakoo kwa shilingi elfu kumi, ikiwa na kibandiko cha dhahabu kwenye kioo. Nikavuka nayo kutoka Nyamisati hadi Mafia huku nimeivaa, bila kujali kwamba siku ile kulikuwa na mawingu. Kesho yake tukatoka na ngalawa. Mjomba, ambaye maisha yake yote hajawahi kuvaa miwani ya jua, akanyoosha kidole: "Mkizi wale, wanapita." Sikuona hata mmoja. Niliona bahari ileile ikimetameta, ila sasa ilikuwa imetiwa giza. Nilikuwa nimenunua miwani nyeusi, na nyeusi si polaraizi.

Tangu hapo nimenunua miwani saba. Mbili zimelala chini ya bahari, moja ilikaliwa na abiria, na ile ya elfu kumi mwanangu anaichezea. Haya ndiyo niliyojifunza kwa pesa zangu.

Kwanza ujue unachokinunua. Mwanga wa jua hutetemeka kila upande, juu, chini na mshazari. Ukigonga maji na kurudi, sehemu kubwa ya ule unaorudi hutetemeka kwa ulalo, sambamba na uso wa maji. Huo ndio mng'ao unaotuchoma macho na kufunika kilicho chini. Kioo cha polaraizi kina utando ndani yake unaofanya kazi kama fito za dirisha zilizosimama: mwanga wa ulalo unazuiwa, uliosimama unapita. Mng'ao ukiondoka unabaki mwanga unaotoka kwa samaki mwenyewe, mchangani na kwenye nyasi. Miwani nyeusi ya kawaida hupunguza vyote viwili kwa pamoja, mng'ao na samaki, kwa hiyo hujafaidika chochote.

Ila haisafishi maji. Nimeshaulizwa na vijana kama miwani ya bei kubwa itaonyesha samaki kwenye maji ya tope. Haitaonyesha. Inaondoa pazia la juu tu. Maji yenyewe kama ni uji, utaona uji vizuri zaidi.

Na ina pembe yake. Juu ya maji, mng'ao unazuilika kabisa pale unapotazama chini kwa pembe ya nyuzi kama 37 kutoka upeo wa macho. Fanya hesabu: ukisimama kwenye omo, macho yako yakawa mita mbili na robo juu ya maji, sehemu inayoonekana vizuri kuliko zote iko kama mita tatu mbele yako. Ukikaa kitako, macho yakawa mita moja juu ya maji, sehemu hiyo inakusogelea hadi mita moja na kidogo, karibu na ubavu wa chombo. Kumbe mjomba hakuwa akisimama kwa kiburi cha unahodha. Na ukiona mng'ao umebaki, inamisha kichwa taratibu upande mmoja kama unayesikiliza, kisha upande wa pili. Uso wa wimbi haujalala kama meza, na mara nyingi kichwa kikiinama kidogo tu, kolekole aliyekuwa kivuli anakuwa kolekole.

Sasa dukani. Usimuulize muuzaji kama miwani ni ya polaraizi, kwa sababu jibu unalijua. Muombe kalkuleta yake. Kila duka lina kalkuleta, na kioo chake cha namba kina utando wa aina hiihii. Shika miwani mbele ya zile namba, tazama kupitia kioo kimoja, kisha izungushe polepole nusu ya duara. Mahali fulani katika mzunguko huo uso wa namba lazima uwe mweusi tititi. Usipobadilika hata kidogo, rudisha miwani, shukuru, ondoka. Halafu rudia kwa kioo cha pili, na hapa ndipo wengi hawaangalii: vioo vyote viwili vinatakiwa viwe vyeusi kwenye mkao uleule. Nimeshika miwani ambayo jicho la kulia lilizima mapema na la kushoto likazima baadaye, maana yake utando ulibandikwa upande. Ukivaa hiyo baharini, jicho moja linaona samaki, jingine linaona jua, na kufika saa sita kichwa kinapasuka.

Simu pia inafaa, ila simu nyingine hubadilika rangi tu bila kuzima, kwa hiyo usiihukumu miwani kwa simu peke yake. Kama kuna miwani nyingine ambayo una hakika nayo, zipishanishe kioo kwa kioo, moja imelala, moja imesimama: zikiwa za kweli mwanga haupiti. Kisha toka nayo nje ya duka utazame kioo cha gari au vigae vilivyomwagiwa maji. Usijaribie kwenye bati. Mng'ao wa chuma haufuati kanuni ya maji, na utaitupa miwani nzuri bure.

Ile kadi ndogo yenye picha iliyofichwa, ambayo wauzaji huitoa kama kiini macho, haidanganyi, lakini inathibitisha polaraizi tu. Haisemi lolote kuhusu miale ya urujuanimno, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kioo kinaweza kuondoa mng'ao wote na bado kikapitisha miale inayoharibu jicho. Tena kikiwa cheusi ndiyo hatari zaidi, maana mboni hufunguka gizani na kuipokea miale hiyo kwa wingi. Tafuta iliyoandikwa UV400, maana yake inazuia miale hadi nanomita 400. Maandishi hayo kila mtu anaweza kuyachapa, kwa hiyo mimi huipeleka miwani kwenye duka la miwani ya macho lenye kifaa cha kupima. Nilipopeleka yangu ilikuwa kazi ya dakika moja. Angalia macho ya wavuvi wazee pwani yetu, kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni. Jua la miaka mingi limo humo, pamoja na upepo na chumvi.

Jaribio la mwisho la dukani: nyoosha mkono, tazama fremu ya mlango kupitia kioo, uitembeze miwani juu na chini. Mstari wa mlango ukipinda au kuogelea, kioo kimeumbwa vibaya.

Rangi ndiyo watu wanayobishania kuliko yote, na ukiishi Mafia utaelewa kwa nini hakuna jibu moja. Upande wa magharibi, Kilindoni, Mto Rufiji unatumwagia tope lake kwenye mlango wa bahari. Maji ni ya kijani kizito, na masika yanakuwa kama chai ya maziwa. Huko nakataa kijivu. Nataka kahawia au rangi ya shaba, kwa sababu rangi hizo hukata sehemu ya mwanga wa buluu, ule unaotawanyika na kufanya kila kitu kionekane kama kina ukungu. Ukiukata, vivuli vinakaza: unatofautisha nyasi na mwamba, mwamba na mgongo wa chewa.

Vuka kisiwa uende mashariki, utoke nje ya mwamba ambako sakafu inashuka ghafla na maji yanakuwa buluu ya wino. Huko hutafuti kitu chini, hakuna chini ya kuonekana. Unatafuta ndege wanaopiga mbizi, msukosuko juu ya maji, mshipi wako unaokokotwa nyuma kumngoja nguru au jodari. Kijivu ndicho kinachofaa, kwa kuwa kinapunguza rangi zote kwa usawa na jicho halichoki hata ukishinda juani tangu asubuhi.

Halafu kuna wale wanaotembea miambani bamvua, maji yanapokupwa, kutafuta pweza. Hao ndio ningewapa miwani kabla ya mwenye boti yoyote. Shimo la pweza unalijua kwa maganda ya kaa na chaza aliyoyarundika mlangoni, na maji ya magotini yakimeta hutaliona hata ukilikanyaga. Shaba tena, na isiwe nyeusi sana.

Njano ni ya alfajiri na siku za mawingu. Saa nne asubuhi ivue.

Kama pesa ni ya miwani moja tu, nunua kahawia. Waliokulia kwenye maji ya buluu watanipinga, waache. Na usidanganywe na rangi ya nje. Ile inayong'aa buluu au kijani kama kisogo cha inzi ni mipako ya kioo cha kujitazamia iliyopakwa juu. Hurudisha mwanga kidogo, kisha chumvi na vidole huichuna. Rangi halisi unaiona ukigeuza miwani na kutazama kwa ndani juu ya karatasi nyeupe.

Kiasi cha giza kina namba. Kwenye miwani ya maana huandikwa ndani ya mkono, kuanzia 0 hadi 4. Namba 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na hiyo inatosha bahari yetu. Namba 4 ni nyeusi mno, hairuhusiwi hata kuendeshea gari, na jioni ukirudi kupitia mlango wa mwamba utajuta.

Kioo cha kweli kinaonyesha safi na hakichubuki haraka, lakini ni kizito na kinavunjika. Mimi ni mtu wa polikaboneti, ile plastiki ngumu. Inachubuka, nakubali, ila siku mshipi ulipokatika chini ya mvuto na chubwi ikarudi hewani, ilinigonga kioo cha kulia na jicho langu bado ninalo. Vile vya bei ya chini ni tabaka za plastiki nyembamba zilizogandishwa pamoja. Vinafanya kazi vizuri kabisa kwa msimu mmoja, halafu joto na chumvi vinaingia pembeni na kioo kinaota malengelenge. Ukinunua hivyo, nunua ukijua.

Fremu iwe ya plastiki nyepesi, ipinde kufuata uso na izibe pembeni. Mwanga unaoingia kwa nyuma hugonga upande wa ndani wa kioo na unajiona macho yako mwenyewe badala ya samaki. Skrubu za chuma ovyo hushika kutu ndani ya mwezi. Vaa, inama hadi usawa wa magoti, tikisa kichwa. Ikiteleza dukani, itateleza baharini. Kofia yenye ukingo mweusi kwa chini husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Na kamba. Miwani yangu ya tatu, nzuri kuliko zote nilizowahi kumiliki, niliipoteza nilipoinama kumshika changu ambaye hakufika hata kilo. Niliitazama ikizama, na kwa kuwa maji yalikuwa safi niliifuata kwa macho kwa muda mrefu wa kutosha kuumia. Tangu siku hiyo kamba yangu ina kipande cha boya la nyavu, nimekichonga mwenyewe. Ijaribie kwenye ndoo ya maji, siyo kilindini.

Wenye boti za injini wajue jambo moja zaidi: skrini ya GPS au ya kutafutia samaki inaweza kuzima machoni pako ukiitazama kwa mshazari, kama ile kalkuleta. Haijaharibika. Inyooshe shingo.

Ukirudi pwani usifute miwani kwa fulana. Chumvi ikikauka ni msasa. Mwagia maji ya kunywa kwanza, mengi, kisha tone la sabuni ya vyombo kwa vidole, suuza, iache ikauke kivulini. Usiiweke juu ya injini wala mbele ya kioo cha gari, na mikono yenye petroli iwe mbali nayo. Mimi hubakiza nusu lita kwenye dumu kwa kazi hiyo tu, na mjomba, ambaye bado hataki miwani, bado huyanywa.