Somo: API inakataa kutengeneza leseni, inasema huna ruhusa

Wakuu, umeiomba API (mlango ambao programu yako huzungumza na seva) ikutengenezee leseni ya programu kwa ajili ya mteja, ikajibu huna ruhusa. Kosa hili likitokea wengi hukimbilia kutengeneza ufunguo mpya (API key, neno la siri linalokutambulisha kwa seva). Ufunguo mpya, kosa lile lile. Anza na namba ya jibu.

Hatua ya 1: Soma namba, kisha usome na maelezo yake. 401 maana yake seva haijakutambua. 403 kwa kawaida imekutambua, ila ulichoomba hukuruhusiwa. Zipo pia seva zinazojibu 404 makusudi ili asiyehusika asijue kitu kipo. Maelezo yaliyo chini ya namba mara nyingi hutaja ruhusa inayokosekana.

Hatua ya 2: Ukipata 401, onyesha kwenye skrini heda (maelezo yanayotangulia ombi) kama ilivyotumwa: `Authorization: Bearer`, nafasi moja, halafu tokeni (yaani ufunguo wako au neno la siri ulilopewa na seva). Mimi nilipoteza jioni nzima kwa sababu ufunguo niliousoma kutoka kwenye faili ulibeba alama ya mstari mpya mwishoni. Kwa macho huioni.

Hatua ya 3: Ukipata 403, hapa ndipo penye kazi. Kusoma leseni na kutengeneza leseni ni ruhusa mbili tofauti. GET (ombi la kusoma) ikipita na POST (ombi la kutengeneza) ikikwama, huenda ufunguo wako ni wa kusoma tu. Halafu ombi moja la leseni linaweza kugusa bidhaa, sera ya leseni na mteja kwa pamoja. Ukizuiwa kimoja, lote hukataliwa. Kwa hiyo tuma ombi dogo kabisa lenye vile vya lazima tu. Likipita, ongeza kipande kimoja kimoja mpaka likwame. Hapo umemkamata mchawi.

Hatua ya 4: Umeongeza ruhusa na bado inagoma? Tokeni za JWT (aina ya tokeni inayobeba maelezo yako ndani yake) mara nyingi hubeba ruhusa ndani yake tangu zilipotolewa. Chukua tokeni mpya.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimeupa ufunguo ruhusa zote za admini, imekubali. Si nimemaliza?

Jibu: Umejua tu kwamba tatizo ni ruhusa. Ufunguo huo ukivuja, aliyeuokota anaweza kufuta leseni za wateja wako wote. Ziondoe ruhusa hizo, acha ile inayohitajika tu.

Swali: Kwenye Postman (programu ya kujaribia API) inapita, kwenye kivinjari inagoma.

Jibu: Mara nyingi hiyo ni CORS, kanuni ya kivinjari kuhusu tovuti moja kuita seva ya anwani nyingine. Kivinjari hutanguliza ombi la OPTIONS (la kuuliza kama inaruhusiwa) lisilo na tokeni. Seva ikilikataa, POST yako haiondoki. Lakini ufunguo wa kutengeneza leseni unafanya nini kwenye kivinjari? Yeyote anaweza kuusoma. Uhamishie kwenye seva yako.

Swali: Yangu ilifanya kazi miezi, leo 403. Sijagusa msimbo wa programu hata mstari mmoja.

Jibu: Ufunguo umefungwa kwa anwani maalumu za IP? Au kuna kilichohama?

Swali: Duh. Jana tulihamisha seva. Ngoja niiongeze IP mpya.